Ndama wa maonyesho asiyeshikika: muuzaji anawajibika hadi wapi?

Msimu wa maonyesho ya kilimo unapokaribia, yale makubwa ya Mkomani kule Mombasa na yale madogo ya mashuleni, bei ya ndama wenye umbo zuri hupanda huku kwetu, kuanzia Mtwapa hadi Marafa. Na msimu ukishapita husikika lalamiko lile lile. Ndama alinunuliwa kwa pesa nzuri, akaletwa nyumbani, halafu ikabainika kuwa hashikiki. Anavuta kamba, anarusha mateke, anainamisha kichwa kila akimwona mtu. Mnunuzi anataka pesa zake. Muuzaji anasema biashara ilikwisha pale mikono ilipopeanwa.

Mwaka huu swali hili limeletwa kwangu mara tatu, mara mbili Malindi na mara moja Ganze, kwa kuwa watu wanajua nimekaa miaka mingi kwenye mabaraza ya kusuluhisha mambo ya mifugo. Mimi si wakili wala si kadhi. Lakini nimeona afadhali niliandike jambo hili mahali pamoja, maana wengi wetu tunadhani jibu lake ni moja na ni fupi: ulimwona, ukamlipia, ni wako. Si hivyo kwa dini, na si hivyo kwa sheria ya nchi. Wala si kweli kwamba kila ndama mkaidi anaweza kurudishwa kwa mwenyewe.

Tuanze na kwa nini ndama wa maonyesho ni kitu tofauti. Uwanjani ndama huzungushwa kwa hatamu, yaani kamba ya kichwani, akasimamishwa mbele ya mwamuzi, akatazamwa mgongo, miguu na mwendo. Asiyeongozeka hawezi kupimwa, hata awe na umbo namna gani. Mchinjaji akinunua dume mkali hana hasara, nyama ni ile ile. Mnunuzi wa maonyesho akinunua dume huyo huyo kwa bei ya maonyesho, amenunua kitu ambacho hakimfai kabisa kwa kazi aliyokitakia. Kusudi la mnunuzi, na kama muuzaji alilijua, ndiyo nguzo ya yote nitakayoeleza hapa chini.

Nitoe kisa kimoja, bila majina. Shule moja ya msingi ina klabu ya 4K, zile za Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya ambazo serikali ilizifufua mwaka 2021. Wazazi walichanga, mwalimu akaenda kwa mfugaji mmoja ambaye kazi yake ni kufuga na kuuza, akachagua dume chotara wa miezi kama kumi na minne. Mwalimu alimwambia wazi: "Mzee, huyu wataongoza watoto, si watu wazima." Mzee akajibu: "Mwalimu, huyu ni kondoo. Mchukue." Ndama alitoka zizini akimfuata mchungaji kimya kimya. Siku ya pili alikuwa anavuta kamba. Siku ya tano alimburuta mtoto wa darasa la sita kwenye changarawe, mkono ukavunjika. Mfugaji alipoitwa alisema alimuuza mzima, mwalimu akamkagua, na kwamba watoto ndio waliomharibu.

Mkali, asiyefunzwa, na mgonjwa

Kabla ya kuuliza nani alipe, lazima ijulikane ndama ana nini. Watu huviweka vitu vitatu katika gunia moja.

Kuna ndama ambaye hajafunzwa. Huyu hana ubaya wowote. Hajawahi kufungwa kamba ya kichwani wala kushikwa na mtu. Ndama wa ranchi za upande wa Galana, Boran au Orma Boran, hulelewa katika kundi kubwa mbali na mikono ya watu, na ukimtia kamba akiwa na mwaka mmoja ni lazima apigane. Ndama wa ng'ombe wa maziwa, kama hawa chotara wa Sahiwal na Ayrshire wanaojulikana sana Kilifi, mara nyingi huzoea watu mapema kwa sababu mama yake anakamuliwa kila siku na yeye yupo pale. Mafunzo ya kamba huanza ndama akiwa na wiki chache tu, wakati mtu mmoja anaweza kumzuia. Ukingoja afike kilo mia mbili na zaidi, unashindana nguvu na mnyama anayekushinda, na kila akikushinda anajifunza kwamba inawezekana.

Kuna ndama mkali kweli. Huyu amefunzwa au hajafunzwa, lakini anamfuata mtu kwa kusudi la kumpiga. Hapa niwaonye wanunuzi juu ya jambo ambalo huwapumbaza wengi: dume aliyelelewa peke yake kwa chupa, anayekulamba mikono na kukusukuma kwa kichwa akiwa na miezi sita, si dalili njema. Hana hofu na mtu, anamwona kama ng'ombe mwenzake, na akifika umri wa kushindana na madume wenzake atashindana na wewe. Ule mchezo wa kusukumana kwa kipaji ambao watoto huufurahia ndio mwanzo wenyewe.

Na kuna mgonjwa au mwenye maumivu. Kupe waliojaa ndani ya sikio, pembe iliyopasuka, kwato iliyooza, jicho lisiloona upande mmoja: vyote hivi humfanya ndama aruke ukimgusa. Mnyama aliyekuwa mpole akabadilika ghafla, akawa anashambulia hovyo, anatoa mate na sauti yake imegeuka, asishikwe na mtu. Huenda ni kichaa cha mbwa, na hapo mtu wa kuitwa ni daktari wa mifugo kabla ya muuzaji.

Upole nao una udanganyifu wake. Ng'ombe aliyeswagwa siku kadhaa kutoka Tana bila maji ya kutosha hufika mnadani ametulia kama mchaji. Ni uchovu. Mpe maji na majani siku tatu, utamjua. Mwenye ndigana kali naye hutulia, kichwa chini, masikio yamelegea. Ukimtibu akapona, tabia yake halisi hurudi pamoja na afya. Ndiyo maana mimi humshika ndama tezi za chini ya sikio kabla sijasifu utulivu wake. Kisha kuna wale wachache, Mungu awaongoze, wanaomdunga mnyama dawa ya kulegeza asubuhi ya kuuza. Hao sina haja ya kuwaeleza sheria, wanajua wanachofanya.

Vitabu vyetu vilishalisema

Wengi katika wasomaji wa ukurasa huu ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na nimeshangaa ni wangapi hawajui kuwa jambo hili limo katika vitabu vinavyodarsishwa pwani hii tangu zamani. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika Minhaj al-Talibin anapozitaja aibu zinazompa mnunuzi haki ya kurudisha, anamtaja mnyama anayemshinda mpandaji wake na mnyama anayeuma. Anavitaja kwa majina kabisa. Kisha anaweka kipimo: kila kinachopunguza kitu chenyewe au thamani yake hata kusudi halali likakosekana, ikiwa kwa kawaida vitu vya jinsi hiyo havina kasoro hiyo. Yeye alikuwa anazungumza juu ya wanyama wa kupanda, na mwenye punda mtukutu atalielewa haraka. Lakini sioni kwa nini ndama aliyeuzwa aongozwe kwa kamba awe mbali na hukumu hiyo.

Angalia kipimo hicho kinavyotenganisha yale mafungu niliyoyataja. Kutokufunzwa peke yake si aibu, kwa sababu ndama wengi duniani hawajafunzwa. Lakini ikiwa mnunuzi alishartisha sifa, kwa mfano awe amezoea hatamu, na sifa ikakosekana, ana hiari ya kurudisha. Kitabu hicho hicho kinatoa mfano wa mnyama aliyeuzwa kwa sharti kwamba ana mimba au anatoa maziwa. Ukali wa kushambulia ni aibu hata kama hakuna aliyeshartisha lolote.

Haki hiyo ina mipaka, na hapa wanunuzi ndipo wanapopoteza. Kwanza, aibu iwe ya zamani, yaani ilikuwapo kabla hujakabidhiwa. Pili, ukiigundua urudishe mara moja. Si lazima ukimbie usiku, lakini usikae nayo wiki ukitafakari. Tatu, ukiendelea kumtumia mnyama baada ya kujua, umeridhika. Nne, akipata kasoro nyingine mpya mikononi mwako, huwezi tena kumlazimisha muuzaji ampokee. Njia inayobaki kwa kawaida ni kulipwa tofauti ya bei, kati ya mzima na mwenye aibu ile, isipokuwa mkikubaliana vingine.

Na yule muuzaji anayesema "nakuuzia alivyo, sitaki maneno baadaye"? Katika Minhaj kauli ya hivyo haimvui kila kitu. Kwa mnyama, inamwokoa na aibu ya ndani ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Aliyoijua akanyamaza, bado iko shingoni mwake. Hili linaendana na hadithi mashuhuri zinazomkataza Mwislamu kumuuzia nduguye kitu chenye kasoro bila kumbainishia, na ile ya mnyama aliyefungwa chuchu asikamuliwe ili kiwele kionekane kimejaa: mnunuzi akigundua anaweza kubaki naye, au amrudishe pamoja na pishi ya tende. Sioni tofauti kubwa kati ya kiwele kilichojazwa kwa hila na upole ulioletwa kwa sindano.

Jambo moja kabla sijatoka hapa. Usimpeleke muuzaji wako kwa kadhi ukitarajia hukumu ya ng'ombe. Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kimeipa Mahakama ya Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa pale. Biashara haimo. Shekhe anaweza kuwasuluhisha mkikubali wote wawili, na mara nyingi inatosha, lakini hiyo ni sulhu.

Sheria ya nchi inaanzia upande mwingine

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, imetokana na ile ya Waingereza, na inaanza kwa kumwambia mnunuzi ajihadhari. Kifungu cha 16 kinasema hakuna dhamana ya ubora au ya kufaa kwa kazi fulani inayochukuliwa kuwapo yenyewe, ila katika hali chache. Mbili ndizo zinatuhusu. Ya kwanza: mnunuzi amemjulisha muuzaji kazi anayomtakia mnyama, kwa namna inayoonyesha kuwa anautegemea ujuzi wa muuzaji, na muuzaji ni mtu ambaye kazi yake ni kuuza vitu vya namna hiyo. Hapo mnyama lazima afae kwa kazi ile. Ya pili: amenunuliwa kwa maelezo kutoka kwa mfanyabiashara wa bidhaa hizo, basi awe wa ubora unaouzika, lakini kama mnunuzi alimkagua, hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuifichua.

Pima kisa cha shule kwa kifungu hicho. Mwalimu alisema kazi. Mfugaji ni mfugaji wa kuuza. Mwalimu hakuwa mjuzi wa ng'ombe na mfugaji alilijua hilo. Sasa badilisha jambo moja tu: muuzaji si mfugaji wa biashara, ni mama jirani anayeuza ndama wake wa pekee apate karo. Dhamana ile ya kufaa haimhusu, kwa kuwa kuuza ng'ombe si kazi yake. Hii ndiyo tofauti kubwa na fikihi, ambayo inatazama aibu yenyewe bila kujali muuzaji ni nani. Lakini jirani huyo naye akisema kwa kinywa chake kwamba ndama amefunzwa na hajawahi kumpiga mtu, na mnunuzi akanunua kwa kulitegemea neno hilo, neno linamfunga kama linavyomfunga dalali wa Mariakani.

Dalali ana mashaka yake. Mara nyingi hamjui mnyama, alimpokea asubuhi. Sifa huzitoa hata hivyo, maana ndiyo kazi inayomlisha. Ushauri wangu kwa mnunuzi ni kumtaka mwenye mali hasa, japo kwa simu, na kumuuliza mbele ya watu. Kwa dalali, ushauri wangu ni kuitumia sentensi ambayo hawapendi kuitumia: "tabia yake siijui."

Sheria ya Kiingereza ina kisa cha 1878, Ward dhidi ya Hobbs, kilichofika hadi Bunge la Malodi. Mtu alipeleka sokoni nguruwe waliokuwa na maradhi ya kuambukiza, wakauzwa kwa tangazo kwamba hakuna dhamana na mnunuzi achukue na kasoro zote. Nguruwe wakafa, wakawaambukiza na wa mnunuzi. Malodi wakasema muuzaji hana deni kwa mnunuzi, kwa sababu kunyamaza si kusema uongo na tangazo lilikuwa wazi. Sheria ya kawaida ya Uingereza ilipokewa Kenya kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, kwa kadiri inavyofaa hali za wananchi, kwa hiyo hukumu kama hiyo si hadithi ya mbali. Muuzaji wa kwetu anayeandika "auzwa alivyo" kwenye risiti anaegemea ukuta ule ule. Kwangu mimi Nawawi ameliona jambo hili vizuri kuliko Malodi. Lakini mahakamani Malindi kitakachosomwa ni Sura ya 31 na karatasi mliyotia sahihi, kwa hiyo usitie sahihi neno hilo kwa ndama wa bei ya maonyesho.

Kama umemnunua mnyama kwa matumizi ya nyumbani, si ya biashara, kuna pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, inayokataza maelezo ya uongo juu ya bidhaa, na kifungu cha 46 cha Katiba kinachompa mtumiaji haki ya bidhaa za ubora unaofaa.

Aliyeumizwa

Pesa za ndama ni jambo moja, mkono wa mtoto ni jambo jingine, na watu hulichanganya. Anayemweka mnyama akijua ni mkali anawajibika kwa madhara yake. Mnyama akishauzwa, anayemweka ni mnunuzi. Siku ile ya pili ndama alipoanza kuvuta watoto, shule ilikuwa imekwisha kujua. Kuendelea kumpa mtoto ile kamba siku ya tatu, ya nne na ya tano ni uzembe wa shule, sina neno la kulainisha hapo. Muuzaji anaingia ikiwa alijua na akasema kinyume.

Na alijua. Barazani alisimama mchungaji, kijana ambaye hakuna aliyemwita, akasema mbele ya mzee wake kwamba dume lile lilikuwa limekwisha kumpiga pembe mtu mwezi mmoja kabla, na kwamba siku ya kuuza lilikuwa limeswagwa tangu alfajiri. Mfugaji hakubisha. Tulikubaliana arudishe bei yote na amchukue ndama wake. Shule ikabeba gari na majani ya siku zile. Gharama za hospitali wakagawana nusu kwa nusu. Wapo waliosema mzee ameonewa kwa sababu mwalimu alichelewa. Mimi sikubali. Kuchelewa kwa mwalimu ndiko kulikomfanya alipe nusu ya hospitali. Bei ya ndama ilikuwa juu ya lile neno "kondoo", na lile neno halikuwa kweli.

Sitaki isomeke kwamba nawakandamiza wafugaji. Ile kesi ya Ganze ilikwenda kinyume. Mnunuzi alichukua mtamba wa ranchi, akaambiwa waziwazi kuwa hajawahi kufungwa kamba, akapunguziwa bei kwa ajili hiyo, kisha baada ya wiki sita akataka kumrudisha kwa kuwa hafunziki. Kumbe katika wiki hizo alikuwa amefungwa mnazini kutwa na kupigwa na vijana. Huyo hakurudishwa, na haki ilitendeka.

Kabla ya kupeana mikono

Sema kazi unayomtakia, kwa sauti, mbele ya shahidi. Maneno haya matano, "namtaka kwa maonyesho ya watoto", yana uzito kuliko ukaguzi wa nusu saa. Kisha uliza maswali ambayo jibu lake ni ndiyo au la: Amewahi kumpiga mtu? Amezoea hatamu tangu lini? Nani humshika? Amedungwa dawa yoyote wiki hii, na ya nini? Mfugaji mwaminifu hafadhaiki kuulizwa. Umwone akishikwa na mtu asiyekuwa mchungaji wake, halafu umshike wewe mwenyewe. Umwone asubuhi, kabla hajachoka, na ikiwezekana umwone mara mbili kwa siku tofauti.

Omba siku tatu za hiari. Fikihi ya Shafii inaruhusu sharti la hiari kwa muda unaojulikana usiozidi siku tatu, na sheria ya nchi haikatazi watu wakubaliane hivyo. Siku tatu ndizo zinazotosha uchovu kuisha na dawa kutoka mwilini. Mfugaji anayekataa siku tatu kwa ndama anayemsifu, jiulize kwa nini.

Andikeni. Sura ya 31 inasema mauzo ya thamani ya shilingi 200 au zaidi hayawezi kudaiwa mahakamani bila maandishi, isipokuwa mnyama amepokewa au sehemu ya bei imelipwa. Kwa kuwa kwetu mnyama hutolewa na pesa hulipwa palepale, watu hudhani karatasi haina kazi. Ina kazi kubwa: inahifadhi kilichosemwa. Zaidi ya majina, rangi, alama na bei, ongezeni mistari kama hii: "Ndama huyu ameuzwa kwa kuongozwa kwenye maonyesho. Amezoea hatamu. Kwa ninavyojua hajawahi kumpiga mtu pembe wala teke. Mnunuzi ana siku tatu za kumrudisha." Muuzaji ambaye hajafunza ndama wake naye ajilinde kwa karatasi hiyo hiyo: "Hajafunzwa kamba, na bei imepunguzwa kwa sababu hiyo." Barua ya chifu inayothibitisha kuwa ng'ombe si wa wizi, na kibali cha kusafirisha mifugo kutoka ofisi ya daktari wa mifugo, ni karatasi nyingine kabisa. Havisemi chochote juu ya tabia ya mnyama, hata kama vina mihuri mitatu.

Yakishindikana kwa wazee, na Katiba katika kifungu cha 159 inazitaka mahakama ziunge mkono usuluhishi huo, kuna sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016. Inasikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, ya mauzo ya bidhaa na hata ya fidia ya kuumia, unaweza kujieleza mwenyewe bila wakili, na kesi yatakiwa iamuliwe ndani ya siku 60. Ndama wengi wa maonyesho wa huku hawakaribii kiwango hicho.

Na wakati mnabishana, mnyama yuko kwako. Siku ile ile uliyogundua, mpigie muuzaji, umtumie na ujumbe wa maandishi kwenye simu, uwaite mashahidi wawili wamwone ndama alivyo. Usimfungie mkokoteni, usimpandishie ng'ombe wako, usimtie watoto. Mlishe na umnyweshe kama kawaida, uweke hesabu ya majani, na daktari akija kumwangalia omba karatasi yenye tarehe. Ukimrudisha, rudisha mchana, kwa gari, na mtu mzima wawili kwenye kamba.